Mwezi ulikuwaje jana?

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni tulikwenda Bagamoyo wanafunzi wanne kupunga upepo. Tulifika asubuhi, tukanywa chai na chapati karibu na soko la samaki, tukatazama bahari, tukaona haipo. Yaani ilikuwepo, lakini mbali huko. Ukiijua pwani ile huwezi kushangaa: ufuo wake ni bapa, na maji yakipwa yanaacha uwanja mpana wa mchanga na matope ambao mtu anaweza kuutembea mpaka achoke. Mbele yetu kulikuwa na fungu la mchanga mweupe, safi. Tukavua viatu tukaenda. Ilikuwa saa nne na nusu.

Ilipofika saa saba na nusu tuligundua kwamba maji hayako mbele yetu tu, yako nyuma pia. Kati ya fungu na ufuo kuna sehemu imeshuka kidogo. Asubuhi tuliivuka kwa kurukaruka vidimbwi, sasa maji yalitufika kiunoni na yalikuwa yanavuta. Mmoja wetu hajui kuogelea. Tulirudi juu ya fungu tukaanza kupunga mashati. Mzee mmoja aliyekuwa anarejea na ngalawa yake akatuona, akatupakia.

Hakutugombeza. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia fizikia, na kwamba napenda sana mambo ya nyota na sayari. Akacheka kidogo. "Haya mwanangu, mwezi ulikuwaje jana?"

Sikuwa na jibu. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa kama sinia, na mimi nilikuwa ndani naangalia filamu za sayari kwenye simu. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa miaka kadhaa.

Maji yanajuaje mwezi ukoje?

Tuanze na maneno, maana pwani imeshatupa mengi. Maji yakipanda tunasema yanajaa, yakishuka yanapwa. Siku ambazo yanajaa sana na kupwa sana huitwa bamvua. Siku ambazo yanasogea kidogo tu, kama yamechoka, huitwa maji mafu. Mvuvi anakwambia bila kufikiri: bamvua ni mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji mafu ni mwezi ukiwa nusu. Kwa nini iwe hivyo?

Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, na unaivuta Dunia kwa nguvu ya mvutano. Nguvu hiyo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa hiyo maji ya upande wa Dunia unaoutazama mwezi yanavutwa kidogo zaidi kuliko kiini cha Dunia, na kiini kinavutwa kidogo zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma. Hapo ndipo wengi tunakwama. Kwamba maji yanavimba upande wa mwezi, sawa. Lakini mbona yanavimba na upande wa pili?

Fikiria bodaboda tatu kwenye barabara ya Bagamoyo, zote zinaelekea Dar. Ya mbele inakwenda kilomita 60 kwa saa, ya kati 50, ya nyuma 40. Wewe umepakiwa kwenye ile ya kati. Unaona nini? Ya mbele inakuacha, na ya nyuma unaiacha. Nafasi inafunguka pande zote mbili ingawa wote mnakwenda upande mmoja. Bodaboda ya kati ni Dunia, hizo nyingine ni maji. Kinachosababisha maji kujaa na kupwa ni tofauti ya mvuto kati ya upande na upande, wala si ukubwa wa mvuto wenyewe. Ndiyo maana jua, ambalo linaivuta Dunia kwa nguvu karibu mara 180 kuliko mwezi, halifui dafu mbele ya mwezi kwenye suala la maji. Jua liko kilomita milioni 150 hivi, na kwa umbali huo tofauti kati ya upande wa mbele na wa nyuma wa Dunia ni ndogo mno. Athari yake kwa maji ni kama nusu tu ya ile ya mwezi, tena pungufu kidogo.

Lakini nusu si haba. Mwezi unapoandama, jua na mwezi viko upande mmoja wa Dunia. Ukiwa mpevu, Dunia iko katikati yao. Hali zote mbili vinakaa kwenye mstari mmoja na nguvu zao zinajumlishwa: hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, kama watu wawili wanaokunja shuka moja vibaya, na matokeo yake ni maji mafu. Bamvua lenyewe hukawia siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka au kuandama, kwa sababu bahari ni nzito na haifuati amri papo hapo. Na mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka huwa karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.

Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Zingekuwa 12 kamili kama mwezi ungesimama, ila wakati Dunia inazunguka mara moja kwenye mhimili wake, mwezi nao umeshasogea mbele kwenye njia yake, na Dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada kuufikia. Ndiyo maana kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana.

Sasa sikiliza hili, maana lingetusaidia sana siku ile. Vimbe hizo mbili za maji hazisafiri kirahisi kama nilivyoeleza. Mabara yanazizuia, kina cha bahari kinazipinda, na kila pwani inakuwa na saa yake. Pwani yetu ya Dar, Bagamoyo na Zanzibar, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, wiki moja baadaye, mambo yanageuka: saa nne maji yamejaa, na yanapwa alfajiri na jioni. Kina mama wanaokwenda kuokota chaza na kombe hawahitaji jedwali. Mwezi wa jana unawaambia kesho watoke saa ngapi na, muhimu zaidi, warudi saa ngapi.

Halafu kuna mwendo wa maji yenyewe. Sisi tulidhani yanapanda sawasawa kama ndoo chini ya bomba. Hapana. Wanamaji wana hesabu ya kugawa mafungu kumi na mawili: katika zile saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Pwani yetu siku ya bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Tuseme ni mita 3.6 ili hesabu iwe nyepesi. Basi saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, unaendelea kupiga picha. Ya pili 60. Ya tatu 90, na ya nne 90 nyingine. Sentimita moja na nusu kila dakika, kwenye ufuo bapa, na kuna bonde nyuma yako. Tulikuwa kwenye saa ya tatu.

Mwezi unaolala chali

Mwezi hauna nuru yake. Tunachokiona ni mwanga wa jua uliogonga uso wake ukarudi, na sura zake zinatokana na mahali tunapousimamia kuutazama. Kivuli cha Dunia hakihusiki hapo, ingawa hata walimu wengine hulisema hilo. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu.

Vitabu vingi vya shule huchora mwezi mchanga ukiwa wima, kama mundu uliosimamishwa. Toka nje ufukweni Bagamoyo jioni ya pili baada ya mwandamo, utazame magharibi: umelala chali kama dau. Kitabu hakikudanganya, kilichorwa tu na mtu wa Ulaya. Karibu na ikweta jua na mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho, ule mstari ambapo bahari au nchi inakutana na mbingu, kwa hiyo upande wenye mwanga hutazama chini lilikozama jua. Huko kaskazini ya mbali hushuka kwa mshazari, na mwezi nao unaonekana umesimama. Watoto wetu wafundishwe kuchora dau.

Wavuvi wa dagaa nao wana kalenda yao ya mwezi. Wanavua kwa taa, na taa inawavuta dagaa wakati wa kiza. Ikija mbalamwezi taa haina kazi, bahari nzima imewaka, wengi wanapumzika na kushona nyavu.

Na kupatwa? Dunia ikiingia kati ya jua na mwezi, kivuli chake kinaufunika mwezi: mwezi umepatwa. Mwezi ukiingia kati ya jua na Dunia, jua limepatwa. Hayatokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia, kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, Afrika Mashariki ilikuwa mahali pazuri pa kuona mwezi ukipatwa wote. Kama mawingu hayakukukatili, kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52 uliuona umekuwa mwekundu kama shaba. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya kwenye kingo za anga la Dunia ukapindishwa hadi mwezini, yaani mwanga wa macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Jua nalo lilipatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016, na mahali palipojaa watu siku ile ni Rujewa, wilaya ya Mbarali, Mbeya. Kipete maana yake mwezi ulikuwa mbali kiasi haukulifunika jua lote, ukabaki mviringo wa moto kama pete. Jua ni pana mara 400 hivi kuliko mwezi, na liko mbali mara 400 hivi, ndiyo maana machoni petu vinalingana. Bahati tu.

Nyota, sayari, na safari ya kwenda Mombasa

Nyota ni jua. Inatoa nuru yake yenyewe kwa sababu kiini chake kinaunganisha hidrojeni kuwa heli. Sayari ni gimba linalozunguka nyota na kuazima nuru yake. Usiku, njia rahisi ya kutofautisha ni kumetameta: nyota ni nukta tupu kwa sababu ya umbali, na hewa yetu inaichezesha, wakati sayari iko karibu na mwanga wake hutulia. "Nyota ya alfajiri" ambayo wengi tuliamshwa nayo ni sayari, Zuhura.

Majina tunayo tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Haya ni ya Kiarabu na mabaharia waliyatumia kwa sababu sayari hizo tano zinaonekana kwa macho. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, kwa hiyo hakuna nahodha wa kale aliyezipa jina. Kwenye baadhi ya orodha utakuta Sarateni na Kausi zikitajwa kama sayari. Kwa asili hayo ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota: Sarateni ni kaa, Kausi ni upinde. Binafsi naona afadhali tuseme Uranus na Neptuni tu kuliko kuiba majina kwa jirani. Hapo hapo tumalize na neno unajimu, maana kuna watu wakisikia unasoma nyota wanakupa tarehe ya kuzaliwa uwatabirie. Utabiri ndio unajimu. Elimu ya kupima magimba ya angani huitwa falaki, au astronomia.

Kimondo ni kipande cha jiwe au chuma kinachoingia kwenye anga letu kikiwaka, na wengi ndicho wanachokiita nyota inayoanguka. Ukitaka kukigusa kimoja nenda Mbozi, mkoa wa Songwe: bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16 hivi.

Sasa umbali. Tuseme umbali wa Dunia hadi jua ni hatua yako moja, mita moja. Jua linakuwa na upana wa milimita 9, kama punje ya hindi. Dunia ni chembe ya vumbi usiyoweza hata kuiona vizuri, na mwezi uko milimita mbili na nusu pembeni yake. Neptuni iko mita 30, bado uko ndani ya uwanja wa mpira. Na nyota ya karibu kabisa baada ya jua, Proxima Centauri? Weka punje ya hindi kwenye mchanga wa Bagamoyo, ufuate pwani kaskazini. Unapita Saadani, Pangani, Tanga, unavuka mpaka. Punje ya pili, ndogo zaidi, unaiweka ukiwa kilomita 268 kutoka ulipoanza, Mombasa ukishaikaribia. Katikati karibu hakuna kitu.

Kwa umbali kama huo kilomita zinachosha, ndiyo tunatumia mwaka-nuru: umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja. Mwanga wa mwezi unatufikia kwa sekunde 1.3, wa jua kwa dakika 8, wa Proxima kwa miaka 4.2. Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililosongamana kama vifaranga, liko miaka-nuru 440 hivi. Nuru unayoiona leo iliondoka huko karibu na enzi ambazo Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu, kazi iliyoanza mwaka 1593. Jina lake lenyewe linatoka kwenye kulima. Kilimia hupotea kwenye mwanga wa machweo mwishoni mwa Aprili na Mei, wakati wa masika, na Novemba huchomoza mashariki giza likiingia, wakati wa vuli. Mkulima asiye na kalenda ukutani alikuwa nayo juu ya paa.

Nyota usiyoiona Bagamoyo

Iko nyota moja maarufu duniani ambayo hutaiona kamwe ukiwa Bagamoyo: nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wa pwani waliiita jaa au jaha. Iko karibu juu kabisa ya ncha ya kaskazini ya mhimili wa Dunia, kwa hiyo nyota nyingine zinazunguka na yenyewe kama imepigiliwa msumari. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na jaha iko chini ya upeo wa macho, imefichwa na mgongo wa Dunia.

Lakini panda jahazi na upepo wa kusi, uelekee Arabuni. Ukishavuka ikweta inaanza kuchungulia juu ya maji. Kila unapokwenda kaskazini kilomita 111 inapanda nyuzi moja. Ukifika Maskati, ambako ni karibu nyuzi 24 kaskazini, utaiona nyuzi 24 juu ya upeo wa macho. Kimo cha nyota hiyo ndiyo latitudo yako! Manahodha walikipima kwa kamali, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo: unauma fundo la bandari unayoitaka, unanyoosha kibao mbele ya jicho, na ukingo wa chini ukigusa bahari na wa juu ukigusa nyota, basi geuza tanga, mji uko upande wako. Kurudi nyumbani jaha inazama nyuma yako na mbele inapanda Suheli, nyota nyeupe kali ya kusini. Kwa Kiswahili cha zamani suheli ilikuwa pia jina la upande wenyewe wa kusini. Tulisema dira kwa kutaja nyota.

Fimbo na kivuli

Saa zetu pia zimetoka juani. Tunaanza kuhesabu macheo, saa moja ni saa moja tangu kupambazuka, na jambo hilo lina maana hapa kwa sababu kwa mwaka mzima saa ya jua kuchomoza Bagamoyo haibadiliki hata kwa saa nzima. Jaribu kuhesabu hivyo Norway.

Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo katika mwaka jua linapanda kaskazini na kurudi kusini. Watu wengi hudhani joto la Januari na Februari ni kwa sababu jua liko karibu. Ni kweli Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, lakini tofauti ni ndogo, na wakati huo huo Ulaya wanaganda. Kinachofanya kazi ni mwinamo. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri liko kusini ya utosi wetu na kivuli chako kinaanguka kaskazini. Miezi mingine yote kinaanguka kusini. Katikati ya mabadiliko hayo kuna siku mbili ambazo jua linapita utosini kabisa na kivuli kinakwisha: Bagamoyo ni tarehe 4 Machi na tarehe 9 au 10 Oktoba. Dar es Salaam ni siku moja kabla kwa Machi, siku moja baadaye kwa Oktoba.

Wala haitokei saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na sisi tuko kwenye 39, hapo tunapoteza dakika 24. Ongeza kwamba jua lenyewe haliendi kwa mwendo sawa mwaka mzima: Machi linachelewa kama dakika 12, Oktoba linawahi kama dakika 12 au 13. Simamisha fimbo iliyonyooka kwenye mchanga, uihakikishe kwa uzi na jiwe kwamba imesimama wima. Machi utakitafuta kivuli saa sita na dakika 36, Oktoba saa sita na dakika 12. Ila kwanza angalia mwezi wa jana, usije ukaichomeka fimbo kwenye fungu.